Somo la Tano: Watu Husemaje? Njia za Kuchunguza Usemi katika Nyanda za Juu za Kusini

MTANGAZAJI: Huu ni wakati wa masomo ya watu wazima. Leo mwalimu wetu anaendelea na masomo yake juu ya lugha. Vikundi vya kusikiliza vilivyokusanyika Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, tafadhali wekeni tayari penseli, daftari, na kipande cha karatasi nyepesi chenye upana wa vidole viwili. Mtakihitaji baadaye. Karibu, Mwalimu.

MWALIMU: Ahsante, ndugu mtangazaji. Ndugu wasikilizaji, nawasalimu nyote. Walio Iringa na Njombe nawaambia kamwene. Walio Rungwe na Kyela, mugonile.

Leo twataka kujibu swali hili: mtu akitaka kujua jinsi watu wanavyosema, afanye nini? Swali laonekana rahisi. Kila mtu anasema, na karibu kila mtu ana masikio. Basi si kusikiliza tu? La, si hivyo, na nitawaonyesha sababu kwa jambo ambalo walimu wengi wa Iringa wanalijua.

Mtoto aliyekulia katika nyumba ya Kihehe huingia darasa la kwanza. Mwalimu huandika ubaoni neno "barabara", naye mtoto husema "balabala". Mwalimu humsahihisha: "Siyo balabala, ni barabara." Mtoto hurudia kwa bidii: "Ndiyo, mwalimu, balabala." Darasa hucheka. Wako watu wazima pia ambao hunyamaza mkutanoni kwa kuogopa kicheko cha namna hiyo hiyo, ingawa wana neno la maana la kusema.

Sasa niambieni: kosa, kama ni kosa, liko wapi? Je, sikio la mtoto halisikii tofauti ya r na l? Au lasikia, lakini ulimi haujazoea? Au sikio na ulimi ni vizima, ila mtoto hajui ni neno lipi lenye r na lipi lenye l? Kila jibu lataka mafunzo yake. Mwalimu asiyejua ni lipi kati ya haya matatu atampiga mtoto au kumcheka, wala hatamsaidia. Ndiyo sababu uchunguzi wa usemi si mchezo wa wasomi tu.

1. Kazi nne za msemaji

Mtu akisema, afanya kazi nne kabla msikilizaji hajasikia lolote. Kwanza, ana wazo: anataka mlango ufunguliwe. Pili, hutafuta maneno katika ghala ya maneno iliyomo kichwani mwake. Tatu, huyapanga na kuyapatanisha. Katika Kiswahili akisema "milango" hana budi kusema "imefunguliwa", na akisema "vyumba" hana budi kusema "vimefunguliwa". Nne, huviamuru viungo vyake: mapafu yasukume hewa, koo litoe sauti, ulimi na midomo viigeuze sauti hiyo kuwa maneno.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Uholanzi, Willem Levelt, aliandika kitabu kikubwa kinachoeleza kazi hizi kwa hatua, kuanzia wazo mpaka kinywa. Jambo la kustaajabisha ni upesi wake. Mtu azungumzaye kwa kawaida hutamka silabi kama nne hadi saba kwa sekunde moja, huku akifikiri neno lijalo. Yeye mwenyewe hazioni hatua hizo, kama vile mtu atembeaye asivyoona jinsi kila msuli wa mguu unavyovutwa.

Hapo ndipo penye shida yote ya mchunguzi. Ukimwuliza mtu, "Wewe husemaje?" atakujibu vile anavyodhani asemavyo. Vile asemavyo kweli ni jambo jingine, na mara nyingi mambo haya mawili hayalingani. Kwa hiyo wachunguzi wametengeneza njia nyingi, na kila njia hushika hatua moja ya usemi vizuri kuliko nyingine.

2. Sikio la mgeni

Kabla ya kueleza njia hizo, tujifunze kwanza kuwa waangalifu na masikio yetu wenyewe. Tazameni jina la mji wa Iringa. Jina hili latoka katika neno la Kihehe "lilinga", maana yake boma au ngome. Katika vinywa na maandishi ya wageni "lilinga" limekuwa "Iringa". Hivyo Mhehe akisema "Ilinga", huenda ulimi wake uko karibu na asili kuliko ramani!

Tazameni pia jina la mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani mpaka kufa kwake mwaka 1898. Wahehe humwita Mukwava. Wajerumani waliandika Quawa. Kwa Kiswahili twasema Mkwawa. Mtu ni yule yule, na kila sikio limesikia kwa desturi ya lugha yake.

Wamishonari wa Kijerumani waliofika nyanda hizi walifanya kazi kubwa kwa penseli na masikio matupu. Mwaka 1900 Padre Cassian Spiss alichapisha orodha ya maneno ya Kihehe. Mwaka 1905 R. Wolff alitoa sarufi ya Kikinga. Mwaka 1935 ilitoka sarufi ya Kibena na Kihehe ya Martin Priebusch. Vitabu hivyo vina faida mpaka leo. Lakini neno lililoandikwa kwa sikio moja, bila sauti kuhifadhiwa, haliwezi kusikilizwa tena na mtu wa pili ili kuhakikisha. Likiwa limekosewa, limekosewa.

Hatari hii ni kubwa hasa huku kwetu, kwa sababu lugha zilizo jirani zatofautiana mambo ambayo sikio lililozoea Kiswahili halikuandaliwa kuyasikia. Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kihehe, Kibena na Kindali pia zina tano. Kinyakyusa kina saba: kati ya i na e iko irabu nyingine, na kati ya u na o iko nyingine. Mswahili akisikiliza Kinyakyusa huzisukuma zile saba ziingie katika vikapu vyake vitano.

Irabu saba zilikuwamo pia katika lugha ya kale iliyozizaa lugha za Kibantu, na alama yake ingalimo katika Kiswahili. Wataalamu waonyesha kwamba "lima" na "zima" yalikuwa maneno yenye konsonanti moja ile ile mwanzoni, yakitofautiana kwa irabu tu. Zile i mbili zilipoungana katika Kiswahili, konsonanti ilikuwa imekwisha kugeuka katika neno moja. Basi tofauti haikupotea. Ilihamia mahali pengine.

Tena kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Kihehe, Kikinga na Kisafwa hutumia toni. Mwaka 1973 Thilo Schadeberg aliandika juu ya toni za Kikinga, na Jan Voorhoeve juu ya toni za Kisafwa. Kinyakyusa, kilicho jirani ya hizo, hakina toni za namna hiyo. Katika Kiswahili hatuna toni, ila twaweza kuonja jambo hili kwa mkazo: semeni "barabara" ya kupita magari, kisha semeni "barabara" ya kusema kazi imefanywa sawasawa. Herufi ni zile zile, na sikio hutenganisha. Karatasi haitenganishi.

Mambo haya yana uzito. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 shirika la SIL, pamoja na wenyeji, limekuwa likifanya kazi Mbeya ya kuandaa maandishi ya lugha kadhaa za nyanda hizi. Wanaotunga maandishi hawana budi kuamua: je, tuandike irabu tano au saba? Wakikosea, msomaji atakutana na maneno mawili yenye sura moja katika kitabu cha lugha yake mwenyewe, akwame, kisha adhani yeye ndiye asiyejua kusoma.

3. Njia ya kwanza: kuuliza

Njia ya kale ni kuuliza. Mchunguzi huketi na mwenyeji na kumwambia: "Kwa lugha yenu, jicho mwaitaje? Maji je? Nimelima je?" Huandika, huuliza tena, na siku hizi hunasa sauti pia.

Njia hii ina nguvu zake. Yaweza kufika mahali ambapo mazungumzo ya kawaida hayafiki upesi. Kwa mfano, Kihehe huweza kurudia kitenzi, kama sisi tusemavyo "limalima". Mwaka 1985 David Odden na Mary Odden walichapisha uchunguzi wa kurudiwa huko, na jinsi viambishi vinavyoweza kuathiri sehemu inayorudiwa. Mtu akikaa sokoni kungoja maumbo hayo yote yasemwe na watu, aweza kungoja miezi mingi. Akiuliza kwa mpango, huyapata mapema.

Udhaifu wake ni kwamba mtu anayetafsiri husema kama mfasiri. Sentensi ya Kiswahili humvuta, naye hupanga maneno ya lugha yake kwa kufuata Kiswahili. Tena yako maneno yasiyoonekana kabisa katika sentensi iliyokatwa peke yake. Fikirini "-ka-" yetu ya hadithi: "Sungura akaondoka, akafika mtoni, akanywa maji." Mgeni akikuuliza, "Kwa Kiswahili, sungura alikunywa maji, mwasemaje?" hutamjibu kwa "-ka-". Aweza kuuliza mwaka mzima asiipate, hata siku atakapokuambia, "Nisimulie hadithi." Kinyakyusa nacho kina maumbo ya kitenzi yaliyo ya masimulizi, Bastian Persohn aliyaeleza katika kitabu chake juu ya kitenzi cha Kinyakyusa kilichotoka mwaka 2017. Mambo ya namna hiyo hupatikana kwa kusikiliza masimulizi.

4. Njia ya pili: picha, na kazi ya watu wawili

Basi mchunguzi afanyeje watu waseme bila kuwatilia maneno kinywani? Huwapa picha. Kuna kitabu cha picha tupu kilichotungwa na Mmarekani Mercer Mayer mwaka 1969, kinachoonyesha mvulana anayemtafuta chura wake. Hakina maneno. Wachunguzi wamewapa watoto na watu wazima wa lugha nyingi duniani ili kila mmoja asimulie kwa lugha yake. Vivyo hivyo, mwaka 1975 Wallace Chafe wa California alitengeneza filamu fupi isiyo na usemi, juu ya mtoto anayeiba kikapu cha mapea. Kwa kuwa wote wameona jambo moja, tofauti za masimulizi yao zatokana na lugha na msemaji, si na kisa.

Hata hivyo, picha za ugenini zaweza kuleta ugeni. Mtu wa Makete asiyejua pea atashughulika na kulitambua tunda badala ya kusimulia. Ndiyo maana yafaa kutengeneza picha za huku: mama anayepepeta ulezi, vijana wanaochuma chai Tukuyu, gari lililokwama kwenye matope.

Njia nyingine ni kuwapa watu wawili kazi moja. Waketi pande mbili za pazia. Mmoja ana ramani yenye njia iliyochorwa, kwa mfano kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa. Mwenzake ana ramani isiyo na njia. Wa kwanza amweleze wa pili mpaka aichore sawasawa. Watabishana, watauliza, watacheka, watasahau kabisa kinasa sauti kilicho mezani. Wataalamu wa Scotland walifanya kazi kubwa ya namna hii, wakaieleza mwaka 1991. Uzuri wake ni kwamba mchunguzi ajua mapema msemaji alitaka kusema nini, na ahitaji tu kuona alivyosema.

5. Njia ya tatu: kuteleza kwa ulimi na kupima wakati

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Hata msemaji hodari huteleza. Mwaka 1895 Rudolf Meringer na Karl Mayer wa Vienna walichapisha mkusanyo wa makosa ya namna hiyo waliyoyasikia katika mazungumzo, na mwaka 1971 Victoria Fromkin wa Marekani alionyesha kwamba makosa hayo yana utaratibu. Sauti hubadilishana mahali na sauti, neno na neno. Kwa hiyo kosa ni kama ufa ukutani: kwa ufa huo twachungulia ndani na kuona jinsi nyumba ilivyojengwa.

Kiswahili na lugha za jirani zake zina ufa wake maalumu, nao ni upatanisho wa ngeli. Mtu akianza "Vitabu vya mwalimu...", hana budi kukumbuka "vi" mpaka afike kwenye kitenzi, "vimepotea". Akivutwa na neno lililo karibu, atasema "amepotea", na mwalimu atadhaniwa kuwa ndiye aliyepotea! Mwaka 1991 Kay Bock na Carol Miller walilijaribu jambo kama hili katika Kiingereza. Waliwapa watu mwanzo wa sentensi, wakawaomba wauseme na kuumaliza, wakahesabu mara ngapi neno la karibu limekivuta kitenzi. Kikundi chochote chaweza kufanya hivyo kwa Kiswahili, Kibena au Kinyiha, na kwa njia hiyo twajifunza hatua ile ya tatu, yaani kupanga.

Kwa hatua ya pili, ya kutafuta neno, hupimwa wakati. Tangu mwaka 1886 James McKeen Cattell, aliyekuwa akifanya kazi Leipzig, alionyesha kwamba kutaja jina la kitu kwenye picha huchukua muda mrefu kuliko kulisoma neno lake kwa sauti. Sababu yake ni kwamba neno lililoandikwa hukupa sauti zake, lakini picha hukulazimisha kwanza kufahamu kitu, ndipo uingie ghalani kulitafuta jina. Siku hizi vyombo vyaonyesha kwamba mtu mzima hutaja picha ya kitu cha kawaida kwa kadiri ya sehemu sita za kumi za sekunde.

Tena kuna neno lililo kwenye ncha ya ulimi. Mwaka 1966 Roger Brown na David McNeill waliwasomea wanafunzi maana za maneno yasiyosikika sana, wakawaomba watoe neno. Baadhi yao walikwama, lakini mara nyingi waliweza kusema neno laanza kwa herufi gani au lina silabi ngapi. Basi neno halikupotea; mlango wake ulikuwa mzito.

Jambo hili latuhusu. Kijana aliyekulia mjini Mbeya akishindwa kutaja chombo kwa Kisafwa, wazee husema, "Lugha imekwisha." Pengine ni kweli, pengine si kweli. Mwonyesheni picha nne, mtaje neno, naye aonyeshe kwa kidole. Akionyesha sawasawa, neno limo ndani. Lililopungua ni mazoezi ya kulitoa. Kijana huyo aweza kurudishwa kwenye lugha kwa kuzungumza na bibi yake kila jioni. Asiyelijua neno kabisa ahitaji kufundishwa.

6. Njia ya nne: kusikiliza bila kuuliza juu ya lugha

Mchunguzi wa Marekani, William Labov, alieleza shida moja kubwa: twataka kujua watu husemaje wasipotazamwa, lakini hatuwezi kujua bila kuwatazama. Mtu akiona kinasa sauti hujirekebisha kama avaavyo nguo za Jumapili.

Mwaka 1962 Labov alitumia hila njema katika maduka makubwa matatu ya New York, la matajiri, la watu wa kati, na la watu wa kipato kidogo. Alitaka kujua nani hutamka r mwishoni mwa silabi. Hakuuliza juu ya r. Aliuliza bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, na wauzaji wakajibu, kwa Kiingereza, "Ghorofa ya nne", maneno ambayo ndani yake mna r mbili. Kisha alijifanya hakusikia, wakarudia kwa uangalifu zaidi. Hivyo alipata usemi wa haraka na usemi wa makini wa mtu mmoja.

Hebu fikirini uchunguzi kama huo Iringa mjini. Mtu aulizwe, "Samahani, basi hili linakwenda wapi?" mahali ambapo jibu ni mji wenye r, kama Dar es Salaam au Morogoro. Kisha aombwe arudie. Akisema "Mologolo" mara ya kwanza na "Morogoro" mara ya pili, twajua kwamba r anaiweza na anaijua. Haikuja tu alipokuwa na haraka. Kabila la mtu halitoshi kutuambia hilo, wala mtu mwenyewe hatatuambia akiulizwa.

7. Njia ya tano: mikono na vyombo

Sasa tufikie kinywa chenyewe. Shikeni kile kipande cha karatasi mbele ya midomo. Semeni "papa". Karatasi imetikisika. Semeni "mama". Imetulia, kwa kuwa katika m hewa hupita puani. Bana pua useme "mama" tena, utaona shida.

Sasa wekeni vidole kooni. Semeni "ssss". Koo limetulia. Semeni "zzzz". Koo latetemeka. Tofauti ya s na z ni mtetemo huo tu. Katika Kinyakyusa cha asili sauti ya z haimo, basi Mnyakyusa anayejifunza Kiswahili akisema "sima taa", ulimi wake uko mahali pake hasa. Kilichobaki ni koo. Mwambieni aweke vidole kooni asikie mtetemo, naye atajifunza upesi kuliko kwa kuchekwa.

Wachunguzi hutumia pia mkaa uliosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kula. Hupakwa kwenye ulimi, mtu hutamka neno moja, kisha kaakaa hutazamwa kwa kioo na kupigwa picha. Mahali palipoguswa na ulimi pana alama nyeusi. Peter Ladefoged, mtaalamu mashuhuri wa sauti, aliieleza njia hii kwa wanaofanya kazi vijijini. Yeye na wenzake walichunguza pia sauti za Kihadza huko kaskazini mwa nchi yetu, na matokeo yakachapishwa miaka ya 1990.

Tangu miaka ya 1940 kuna mashine ya kuichora sauti ili ionekane kwa macho. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo, kwa programu isiyouzwa iitwayo Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam. Humo irabu saba za Kinyakyusa zaweza kupimwa, na toni ya Kisafwa kuonekana kama mstari upandao na kushuka. Lakini mashine haijui neno lina maana gani. Sauti mbili zikionekana tofauti katika mashine, ni wenyeji wanaotuambia kama tofauti hiyo yabadili neno au haibadili.

8. Mtoto wa darasa la kwanza

Kwa njia hizi mwalimu aweza sasa kulijibu swali letu la mwanzo, bila mashine yoyote. Achore picha mbili: mtu anayekula, na watu wanaopiga kura. Aseme "kula" au "kura", bila kuonyesha, na mtoto aweke kidole kwenye picha. Afanye hivyo mara kumi kwa kuchanganya, kwa maana akijaribu mara moja mtoto aweza kubahatisha. Huo ni mtihani wa sikio.

Kisha mtoto arudie "rrrr", kama kuiga pikipiki. Huo ni mtihani wa ulimi. Mwisho aonyeshwe picha, ataje mwenyewe. Huo ni mtihani wa ghala ya maneno.

Asiyetenganisha kwa sikio apewe kwanza mazoezi ya kusikiliza. Asiyeweza kutamka apewe michezo ya ulimi. Aliyeweza vyote viwili lakini huchanganya maneno asomewe hadithi nyingi. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliye mjinga. Kihehe hakitenganishi maneno kwa r na l, na mtoto ameleta shuleni lugha aliyofundishwa vizuri na mama yake.

9. Haki ya msemaji

Jambo la mwisho, nalo si dogo. Sauti ya mtu ni mali yake. Mchunguzi hutafuta kibali. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo itoayo vibali vya uchunguzi nchini. Hupita kwa viongozi wa wilaya, kata na kijiji. Lakini hata akiwa na barua zote, bado yampasa kumwomba msemaji mwenyewe, kumweleza sauti itakwenda wapi, na kukubali akikataa. Kunasa kwa siri ni wizi.

Tena asimsikilize mzee mmoja wa kiume tu na kusema, "Hiki ndicho Kikinga." Awasikilize wanawake, vijana, na watu wa vijiji mbalimbali. Na kazi ikiisha, irudi nyumbani: nakala ya sauti na ya kitabu ikae mahali wenyeji wanapoweza kuifikia. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi ya lugha zetu mwaka 2009, ikaandikwa kwa Kiswahili, hivyo mwananchi aweza kuifungua na kuitafuta lugha yake.

Ndugu wasikilizaji, njia tano nilizozitaja hazishindani. Kuuliza hutupa maumbo, picha na kazi ya wawili hutupa masimulizi, makosa na saa hutuonyesha kazi ya ndani, kusikiliza barabarani hutupa usemi wa kila siku, na vyombo hutuonyesha kinywa. Mchunguzi mwema hujiuliza kwanza anatafuta hatua gani ya usemi, kisha huchagua njia. Wala hamhukumu msemaji kabla ya kazi hiyo kwisha.

MTANGAZAJI: Ahsante sana, Mwalimu. Vikundi, yafuatayo ni maswali ya kuzungumza:

(1) Katika eneo lenu, ni sauti zipi za Kiswahili zinazowapa watu shida? Je, shida ni ya sikio, ya ulimi, au ya kujua neno? Mtajuaje?

(2) Watu wawili wa kikundi wachore ramani mbili na kufanya ile kazi ya kuelekezana njia kwa lugha ya nyumbani. Wengine waandike maneno ambayo wasingeyapata kwa kuuliza.

(3) Kwa muda wa wiki moja, kila mmoja aandike makosa matatu ya kuteleza kwa ulimi aliyoyasikia, bila kutaja majina ya waliosema. Je, makosa hayo yafanana kwa jambo gani?

(4) Mchunguzi akija kijijini kwenu na kinasa sauti, mngetaka awaahidi nini kabla ya kuanza?

Kwa leo somo limekwisha. Kwaherini.